Upepo wa Saa Nne

Katika chuo chetu mwanafunzi akikoroma haadhibiwi. Anafunikwa shuka.

Wageni wanaofika Nyasenge huja wakitarajia kuona magwaride, ngazi ndefu, na watu wazima wakipandishwa kamba huku wanafokewa. Wanakuta ukumbi mmoja wenye mapazia ya kijani, mikeka kumi na miwili sakafuni, na maofisa kumi na wawili wa zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa, wamelala fofofo saa nane mchana, midomo wazi, kama watoto wa chekechea waliokwisha kunywa uji. Mzee mmoja alikuja kumtembelea mwanawe, akasimama mlangoni akamtazama kitambo.

"Afande," akaniambia, "huyu nyumbani alikuwa analala hivihivi, tukamfukuza."

"Baba," nikamjibu, "hapa akiamka tu kabla ya wakati, na sisi tunamfukuza."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya uzeeni. Jina langu ni Nyamizi Lusato, Mrakibu mstaafu wa zimamoto, Mnyamwezi wa Tabora, na kila Jumanne na Alhamisi huwa naingia kwenye ndoto ile ile na kuwafundisha watu wazima jinsi ya kutoua wenzao.

Ndoto yenyewe ni yangu. Maana yake ni kwamba fundi wetu, Gwakisa, alinilaza kwenye mkeka miaka sita iliyopita, akanipa kikombe cha chai yao chungu ya usingizi, akanichota kumbukumbu ya siku moja, akaipanda kwenye mikeka. Siku hiyo bomba la amonia lilipasuka kwenye kiwanda cha barafu cha hapa Nyasenge, ukingoni mwa ziwa, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimepakana na soko. Mimi ndiye niliyekuwa nimevaa kizibao chekundu cha kamanda. Tangu hapo mwanafunzi akilala kwenye mkeka anajikuta amevaa kizibao kile, saa mbili asubuhi ya siku ile, soko limejaa, kiwanda kinafuka. Analala dakika arobaini, lakini kule ndani anaishi saa tano nzima. Mimi hulala mkeka wa pembeni, namfuata nyuma kama kivuli chenye maneno mengi.

Na kule ndani yupo Pazi.

*

Jumanne hiyo zamu ya kuvaa kizibao ilikuwa ya Nyangeta Mafuru, mtoto wa kisiwa cha Ukara, ofisa wa zimamoto mwenye sauti ndogo na macho yasiyoharakishwa. Tulipofumbua macho ndani ya ndoto, ziwa lilikuwa limesimama wima nyuma ya soko kama shuka lililoanikwa. Usishangae. Kumbukumbu haijui kupiga picha. Wauza nyanya wote walikuwa na sura ya shangazi yangu Kalunde, maana siku ile sikuwatazama watu nyuso, na akili yangu ilipotafuta nyuso za kuwapa ikaona ile ya shangazi inatosha. Mapande ya barafu yalikuwa yametoka kiwandani yakitembea taratibu, yakifuata kivuli cha ukuta. Wingu jeupe lilikuwa limelala chini, zito, linateleza kutoka mlango wa kiwanda kuelekea majini, kama maziwa yaliyomwagika ambayo hayana haraka ya kufika.

"Mtani!" ikaita sauti nyuma yangu. "Leo wamekuokota jalala gani?"

Sajini Pazi Mwinshehe, Mzaramo mrefu, mwembamba, mtungi wa hewa mgongoni, mabuti ya ngozi ya kahawia aliyokuwa akiyapaka mafuta ya nazi kama nywele za bibi harusi. Sisi na wao ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Nilikuwa na haki ya kumtukana mbele ya mkewe, naye alikuwa na haki ya kuja kwenye msiba wangu akacheke. Mabuti yale tulishayawekea mkataba: yeye akitangulia, ni yangu. Nikitangulia, anachukua redio yangu ya mkulima na sufuria kubwa.

"Umezeeka, mtani," akasema. "Jana ulikuwa na shingo."

"Na wewe jana ulikuwa na akili," nikamjibu. "Kavae barakoa."

Miaka kumi na tisa amelala kaburini, na kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, ananitukana. Nani angekubali kustaafu?

Kazi ya mwanafunzi ni hii. Valvu kubwa iko ndani, nyuma ya tangi. Isipofungwa, tangi linapasuka na wingu linaongezeka mara kumi. Upepo unatoka nchi kavu unaelekea ziwani, kwa hiyo ukiingia kwa mlango wa nyuma, upande wa barabara, wingu linakukimbia. Lakini upepo utageuka. Kwenye ndoto hugeuka saa sita kamili, ghafla, bila dalili. Kwa hiyo somo langu, ambalo vijana hulikariri mpaka wanalisema usingizini (na usingizi wanao), ni hili: *una hadi saa sita*. Ingiza watu mapema, funga, watoe. Wanafunzi wangu hodari wamemtoa Pazi mzima zaidi ya mara mia mbili.

Nyangeta alisimama katikati ya barabara, akatazama soko, akatazama kiwanda, kisha akatazama mawe ya ufukweni ambako akina mama walikuwa wameanika dagaa. Akatazama huko kwa muda mrefu mno.

"Saa nne hiyo, kamanda," nikamwambia. "Vijana wako wamevaa, wanangoja."

"Siingizi mtu."

"Kwa nini?"

"Upepo uko vibaya."

Upepo ulikuwa mzuri tu, unatoka barabarani, unapeperusha hadi kola yangu. Pazi akanitazama, akapandisha nyusi. "Huyu mmemtoa wapi? Anaogopa hewa."

Nyangeta akaanza kuhamisha soko, si kwa kulipandisha barabarani kama kila mtu anavyofanya, bali kwa kulisogeza pembeni, kufuata ufukwe. Kazi ya polepole. Akina shangazi Kalunde mia tatu wakibeba nyanya zao, wakilalamika kwa sauti moja. Saa tano na robo tangi likapasuka, na ndoto ikawa nyeupe yote, kama umefunikwa na ukurasa usioandikwa kitu.

*

"Nyangeta, mama," nikasema tulipoamka, mkeka umeshahesabu waliokufa na kuandika idadi ukutani, "umeniulia watu arobaini. Na hata jasho hujatoka."

Ukumbi ukacheka. Bakilana, polisi wa Bukoba, mcheshi wa darasa, akanyoosha mkono. "Afande, tumtendee haki. Kwanza aliwapanga foleni."

Hata mimi nilicheka. Nyangeta alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amekunja miguu, anangoja tumalize.

"Afande, naomba kuuliza. Wale mama wa dagaa, wewe ndiye uliyewaweka pale?"

"Kumbukumbu imewaweka."

"Mama yangu ameanika dagaa miaka thelathini," akasema. "Ile harufu mtu hakai akaimeza. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, wewe unakaa upande wa barabara wa mawe, harufu inakwenda majini. Ikifika saa tatu na nusu, saa nne, upepo unachoka. Unatulia kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Halafu ziwa linapumua. Upepo ukianza kutoka ziwani, wewe unabeba kigoda chako unahamia upande wa maji. Mama hana saa, Afande, lakini tulikuwa tunajua saa kwa kumtazama alipokaa."

Bakilana akashusha mkono.

"Wale mama wako wamekaa upande wa maji," akaendelea. "Wameshahama. Lakini kanga zao zinapepea kuelekea majini. Sasa mmoja kati yao anadanganya, mama au kanga. Mimi nikaamini mama."

"Ndoto ni ndoto," Bakilana akasema. "Juzi niliona mbuzi amevaa kofia ya zimamoto."

"Mbuzi hakufundishi uingie saa ngapi," Nyangeta akamwambia.

Nikapiga makofi kufunga darasa. Nikasema nitalitazama jambo hilo. Nikatoa mzaha fulani kuhusu watu wa Ukara na dagaa, siukumbuki, na haukuwa mzuri.

Karatasi ya matokeo ilitakiwa isainiwe siku hiyo kabla ya saa kumi na moja. Wanafunzi kumi na mmoja wamefaulu, mmoja amefeli. Jumatatu wangetawanyika kwenda vituo vyao, na vituo tisa kati ya vile viko ukingoni mwa ziwa hili hili, kila kimoja na kiwanda chake cha barafu, kila kimoja na soko lake. Kumi na mmoja wakiwa wamebeba kichwani: una hadi saa sita.

*

Gwakisa, fundi wa mikeka, ni Mnyakyusa mpole anayezungumza na mashine kuliko anavyozungumza na watu. Nilimkuta amechutama anachambua nyuzi za mkeka wa saba, zile nyembamba kama utando wa buibui.

"Gwakisa, mkeka unaweza kukosea upepo?"

"Mkeka hauna upepo, Afande." Hakuinua kichwa. "Hauchukui kilichotokea. Unachukua unachokiamini. Halafu kila ukiingia na mwanafunzi, unamwagilia. Baada ya miaka sita, kilichokuwa kichaka kinakuwa bustani."

"Lakini wale mama wa dagaa."

"Ah." Akaacha kazi. "Hao hukuwajali. Kitu usichokijali hukibadilishi. Ndiyo maana kimebaki sahihi."

Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa taarifa ya hali ya hewa ya siku ile, kutoka kiwanja cha ndege. Alikuwa nayo siku zote. Upepo wa ziwani: saa tatu na dakika arobaini na tano.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," akasema. "Na unapoamka kwenye ndoto ile, huwa unatabasamu. Mimi nina watoto wanne, Afande, sijawahi kuona mtu mzima anatabasamu vile saa tisa mchana."

Nikakaa juu ya mkeka.

"Naweza kuichota upya," akasema taratibu. "Kuna chai kali zaidi. Haikupi unachoamini. Inakwenda chini yake. Lakini ikishapandwa hiyo, ile ya zamani inakufa. Yote. Utakachokikuta huko ndicho utakachokaa nacho kila Jumanne na Alhamisi."

"Na nisipoichukua?"

Gwakisa akatazama karatasi ya matokeo niliyokuwa nimeikunja mkononi. Kwa kawaida huwa namtania kwa ukimya wake. Siku hiyo nilimwambia alete kikombe.

*

Nilishuka kwa muda mrefu, kama kigae cha chungu kinachozama, kikiyumba huku na huku. Halafu nikawa nimesimama.

Ziwa lilikuwa limelala chini, kama maziwa yote ya duniani. Barafu haikutembea. Wauza nyanya walikuwa na nyuso zao wenyewe, mia tatu, kila mmoja na wake, na nilijua kwamba niliwaona wote siku ile. Niliwaona kabisa.

Pazi alishaingia. Niliona mgongo wake ukipotea kwenye mlango wa nyuma, mabuti yakimeremeta. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini.

Upepo ukachoka. Kanga zikalegea kwenye kamba. Kukawa kimya, kimya kizuri, cha kukufanya upige miayo. Kule kwenye mawe, mama mmoja akainuka, akashika kigoda chake, wenzake wakainuka. Wakahama. Mmoja akageuka, akakinga mdomo kwa mikono akapaza sauti:

"Afande! Unageukaa!"

Nikampungia mkono. Ndivyo nilivyofanya: nilimpungia, kama unavyompungia mtu anayekuuzia karanga.

Ndipo redio ikakwaruza begani.

"Mtani. Huku nimeshakufa."

Naapa sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. Sisi tulikuwa tunakufa kila siku, mimi na Pazi. Akikosa chai amekufa. Nikipanda ngazi nimekufa. Tulizikana mara tatu kwa wiki kwa vicheko. Nikabonyeza kitufe, mimi, kamanda, kizibao chekundu kifuani, nikasema:

"Kufa upesi, nivae viatu."

Kimya. Kisha mkwaruzo, pumzi moja, na kitu kama kicheko kidogo. Nilikuwa na vijana wawili wamevaa tayari, wamekaa kwenye bampa ya gari, mpira wa maji miguuni mwao. Dakika kumi na moja nilikaa nikingoja anijibu tusi. Wingu jeupe likainuka polepole kutoka majini, likageuka, likaingia mlango wa nyuma kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

Tume ya uchunguzi iliniuliza: je, marehemu aliita? Redio za enzi zile hazikuwa zinarekodi. Nilisema sikumbuki. Mkewe, Bi Mwajuma, aliniuliza jikoni kwake, akiwa ameshika sufuria ambayo haikuwa na kitu: hakusema hata neno? Nikamwambia hakusema. Nilirudia hivyo mara nyingi, kwa watu wengi, mpaka ikawa kweli sikumbuki, na upepo nao ukanionea huruma, ukajisogeza mpaka saa sita.

Msibani, watani wake wengine walifanya mambo yao: walijilaza njiani jeneza lisipite, waliiga mwendo wake wa korongo, watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilisimama pembeni. Watu wakasema, masikini Nyamizi, amezidiwa na uchungu.

*

Nilisaini karatasi saa kumi na dakika hamsini. Nyangeta Mafuru, amefaulu. Wengine kumi na mmoja, warudie. Jumatatu hawaendi popote. Chini ya jina la mwisho kulikuwa na nafasi, nikaandika kwa mkono wangu: *Nyamizi Lusato. Amefeli. Arudie.* Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili, akauliza kama huu ni ule mzaha wangu. Nikamwambia mzaha wangu umepigwa marufuku, na nikamweleza kwa nini. Alivua miwani. Alisema itabidi faili la tume lifunguliwe upya. Nikasema ndiyo, lifunguliwe.

Kisha nikampigia Bi Mwajuma. Nilimwambia neno alilosema mumewe, na neno nililomjibu. Nilisikia redio ya jirani yake ikisoma matangazo ya vifo. Halafu akakata simu. Sikumpigia tena. Hiyo haki ya kukata nilikuwa nimemnyima miaka kumi na tisa.

Darasa nililiambia Jumatano asubuhi, limesimama, mimi nimekaa. Hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Mwishowe Bakilana, yule mcheshi, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa Afande, mtu akitania kwenye redio, utajuaje?"

"Hutajua," nikasema. "Ndiyo maana tutatunga sheria. Mtu akitaja kifo kwenye redio, hata kwa kucheka, utani unakoma. Unamwita kwa majina yake yote. Unamuuliza mara moja. Asipojibu kabla hujahesabu tano, unatuma watu."

Wakaandika. Kalamu kumi na mbili zikikwaruza kwa pamoja, kama mvua inayoanzia mbali.

*

Alhamisi, saa nane mchana, Nyangeta alilala kwenye mkeka wa kwanza, mimi wa pili. Hakuhitaji alama tena. Alisema anataka tu kuona kanga zikipepea upande wake.

Ndoto mpya ilikuwa na mwanga wa asubuhi kabisa, wa rangi ya uji wa ulezi. Soko lilinong'ona. Pazi alipita karibu nami akifunga mkanda wa mtungi, akasimama, akanikagua kutoka juu hadi chini.

"Mtani, nani amekufia? Uso umeuacha wapi?"

Akaenda zake.

Saa nne kasoro dakika ishirini alikuwa ndani. Nyangeta alimwingiza, kwa sababu valvu ni lazima ifungwe na mtu ni lazima aifunge. Lakini alikuwa amempa dakika kumi tu, na macho yake hayakuwa kwenye kiwanda. Yalikuwa kwenye vigoda.

Upepo ukachoka. Mama wa kwanza akainuka.

"Afande! Unageukaa!"

"Nimesikia, mama!" Nyangeta akajibu kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Asante!"

Na redio begani mwake ikakwaruza.

"Mtani. Huku nimeshakufa."

Nikajua kwamba nitaisikia sentensi hiyo kila Jumanne na kila Alhamisi, mpaka siku nitakayozikwa. Nyangeta aligeuka akanitazama, si kwa kuuliza, kwa kunipa nafasi. Akanyoosha redio.

Nikabonyeza.

"Sajini Pazi Kibwana Mwinshehe," nikasema. "Unatania?"

Moja. Mbili. Kanga ya kwanza ikaanza kuinuka kutoka upande wa maji. Tatu.

"Sitanii," ikasema redio, ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Sioni mlango."

Nyangeta alishapiga filimbi. Wale vijana wawili waliokaa kwenye bampa miaka kumi na tisa wakasimama. Mpira wa maji ukajaa, ukanyooka, ukatema pazia la mvua kati ya wingu na mlango, na upinde mdogo wa rangi ukatokea ndani yake, kwa sababu hii bado ilikuwa ndoto. Wakaingia wameinama wakifuata mpira. Nilihesabu mpaka mia mbili na kumi.

Wakatoka watatu.

Walimkalisha ukingoni mwa barabara. Mabega yake yalikuwa na barafu nyeupe, kope zake pia. Akavua barakoa, akakohoa, akaivuta hewa ya saa nne kama mtu anayekunywa kutoka kwenye ndoo. Kisha, taratibu, akavua buti la kulia, akalipindua. Maji yakatoka. Akalipangusa kwa kiwiko, akalikagua kisigino, akainua macho akaniona.

"Mtani," akasema, "viatu bado ni vyangu."

Nikatafuta tusi la kumjibu. Mimi, Nyamizi Lusato, nikalitafuta kila mahali. Nikakaa chini kando yake, kwenye vumbi, nikamshikia lile buti wakati anavua la pili.